Mwongozo Kamili wa Kujenga Spika za Kabati Lililofungwa kwa Chumba cha Nyumba ya Mawe Lamu

Spika nyingi zinazojengwa nyumbani hapa Lamu zina kasoro moja, nayo ni mvumo. Mpiga udi akigusa uzi wa chini kabisa, chumba kizima hunguruma, maneno ya mwimbaji humezwa, na mwenye spika huongeza sauti nyembamba akitafuta uwazi hadi masikio yachoke. Wasomaji wameuliza jambo hili mara nyingi, na karibu kila picha wanayotuma inaonyesha mambo yale yale: wufa (kipaza cha sauti nzito) kubwa mno, kabati lililokadiriwa kwa macho, na tundu la hewa lililotobolewa bila hesabu.

Mwongozo huu unahusu kujenga jozi ya spika ndogo za kabati lililofungwa kabisa, zilizokusudiwa chumba chembamba chenye kuta za matumbawe na chokaa. Kanuni inayoongoza kila hatua ni ile inayoongoza spika za bei kubwa kokote zinakotengenezwa: koni ya wufa na kuba la twita (kipaza cha sauti nyembamba) peke yake ndivyo vitoe sauti, na kitu kingine chochote kinyamaze.

## Vifaa na zana

Kwa spika mbili utahitaji:

- Wufa 2 za sentimita 16, omu 8, zenye koni ya karatasi au polipropilini na ukingo wa mpira.
- Twita 2 za kuba la hariri la milimita 25, omu 8, ambazo Fs yake (masafa ya mtikisiko wake wa asili, yaelezwayo Hatua ya 1) haizidi Hz 1,000.
- Plaiwudi ya majini ya milimita 18, nusu shiti.
- Koili 4 za milihenri 1.2; mbili kati yake, zitakazotumika kwenye wufa, ziwe za waya mnene.
- Kapasita za filamu: 4 za maikrofaradi 4.7 na 2 za maikrofaradi 10.
- Rezista za wati 10: 2 za omu 2.2, 2 za omu 7.5 na 2 za omu 22.
- Pamba ya poliesta ya kujazia mito, takriban gramu 200 kwa kila spika.
- Waya wa shaba, vituo vya kufungia waya, gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, utepe wa sponji na skrubu za chuma cha pua.
- Msumeno, drili, msumeno mdogo wa kukatia mviringo, klampu, msasa, pasi ya kulehemu, mita ya umeme na betri moja ya volti 1.5.

Usinunue wufa yenye ukingo wa sponji hata ukipunguziwa bei. Sponji hiyo humomonyoka kwenye joto na unyevu, na hewa yetu haikosi vyote viwili. Usinunue pia wufa ya gari, kwa sababu imeundwa kwa nafasi ndogo ya ndani ya gari, ambayo yenyewe huinua besi.

Ukiagiza vifaa kutoka Mombasa au Nairobi, vifunge ndani ya plastiki kabla ya kuvuka kutoka Mokowe. Maji ya chumvi yakirukia koni ya karatasi au vituo vya waya, madhara yake huonekana baadaye sana, wakati muuzaji hatakubali tena kurudishiwa.

## Hatua ya 1: Soma karatasi ya vipimo kabla ya kulipa

Kila wufa ya maana huja na vipimo vinavyoitwa vya Thiele na Small. Vitatu kati yake vinatutosha. Fs ni masafa ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe ikiwa nje ya kabati. Qts hueleza kadiri koni inavyozuiwa isiendelee kutikisika baada ya mpigo kwisha. Vas ni kiasi cha hewa, kwa lita, chenye ugumu sawa na ugumu wa kiwambo kinachoshikilia koni.

Tafuta Qts iliyo kati ya 0.35 na 0.5. Muuzaji akishindwa kukuonyesha namba hizi, mshukuru na uende duka jingine, kwani bila namba hizo hakuna anayeweza kukwambia kabati liwe na lita ngapi, awe fundi wa kiwango gani.

## Hatua ya 2: Kokotoa lita za kabati

Hewa iliyofungiwa ndani ya kabati hufanya kazi ya springi nyuma ya koni. Kabati likiwa dogo mno, springi inakuwa ngumu, koni inadunda, na besi inavimba sehemu moja. Likiwa kubwa mno, besi inakuwa kavu na koni inakosa wa kuizuia. Kipimo cha hali hiyo, wufa ikishaingia ndani ya kabati, huitwa Qtc. Lengo letu ni 0.7, ambapo besi hushuka taratibu bila kuvimba popote.

Gawanya 0.707 kwa Qts ya wufa yako, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha utoe 1. Gawanya Vas kwa namba uliyopata, nawe utapata lita za hewa zinazohitajika.

Tuchukue wufa yenye Fs ya Hz 40, Qts ya 0.4 na Vas ya lita 30. Ukigawanya 0.707 kwa 0.4 unapata 1.77, ikizidishwa kwa yenyewe inakuwa takriban 3.12, ukitoa 1 inabaki 2.12. Lita 30 zikigawanywa kwa 2.12 zinatupa takriban lita 14. Masafa mapya ya koni yatakuwa 40 mara 1.77, yaani karibu Hz 71, na chini ya hapo besi itapungua kwa desibeli 12 kila masafa yanapogawanyika nusu.

Hapa ndipo wengi hushtuka. Hz 71 inaonekana haba kwa mtu aliyezoea matangazo yanayoahidi Hz 30. Lakini ukuta mnene wa matumbawe hautikisiki, kwa hiyo haupotezi besi kama ukuta wa mabati au wa mbao nyembamba unavyoipoteza, na spika ikiwekwa karibu na ukuta huo, sauti iliyokuwa ikienda nyuma hurudishwa mbele. Kabati lenye tundu hutoa besi zaidi karibu na masafa ya tundu lenyewe, kisha huporomoka kwa desibeli 24, na sauti yake huchelewa kukatika. Katika chumba ambacho tayari kinarefusha noti za chini, kuchelewa juu ya kuchelewa ndiko kunakozaa ule mvumo. Faida nyingine ni kwamba kabati lisilo na tundu halipitishi hewa ya chumvi wala mjusi.

## Hatua ya 3: Kata mbao

Kwa lita 14, ndani ya kabati pawe na upana wa sentimita 18.5, kimo cha 34 na kina cha 25. Hizo ni takriban lita 15.7, na ziada ndiyo nafasi ya wufa, twita, krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) na kiunga cha ndani (kipande cha ubao kinachokaza kuta za kabati). Vipimo hivi vitatu havigawanyiki kimoja kwa kingine, na hilo limefanywa makusudi: kimo kikiwa mara mbili kamili ya upana, mawimbi yanayogonga kuta za ndani huungana kwenye masafa yale yale na kusikika kupitia koni.

Kwa kila spika kata vipande vifuatavyo, vyote kwa sentimita:

- Mbele na nyuma: 2 vya 22.1 kwa 37.6.
- Juu na chini: 2 vya 22.1 kwa 25.
- Ubavuni: 2 vya 34 kwa 25.
- Kiunga cha ndani: 1 cha 18.5 kwa 25, kilichotobolewa matundu makubwa ili hewa ipite.

Mafundi seremala wetu watakushauri utumie mvule au mtiki mtupu, na kwa mlango au kiti ushauri wao hauna mpinzani. Kwa kabati la spika ukatae kwa adabu. Ubao mtupu hujaa na kunywea unyevu unapobadilika kati ya kaskazi na kusi, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kuharibu kabati lililofungwa. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) hukatika vizuri lakini hufura ikinyonya maji. Plaiwudi ya majini hustahimili yote mawili.

Ukitaka nakshi, nayo ni haki yako ukiwa Lamu, ichongwe kwenye vipande vya mtiki vitakavyobandikwa ubavuni. Usiruhusu ichongwe kwenye ubao wa mbele, kwa sababu kila ukingo ulio karibu na twita hurusha sauti upya, na masikio hupokea sauti mbili zilizopishana kidogo.

## Hatua ya 4: Toboa ubao wa mbele

Kitovu cha twita kiwe sentimita 9 kutoka juu, na kitovu cha wufa kiwe sentimita 23 kutoka juu. Umbali wa sentimita 14 kati yao ni mdogo kuliko urefu wa wimbi moja kwenye masafa ambapo viwili hivi hupokezana sauti, ambao ni karibu sentimita 16.6, na ndiyo maana sikio huzisikia kama chanzo kimoja.

Sogeza twita sentimita 2 upande mmoja wa mstari wa katikati, ili umbali wake kutoka kingo mbili usilingane. Spika ya pili iwe kinyume cha ya kwanza, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Chimba kitako cha kila kimoja ili uso wake ulingane na uso wa ubao, na uviringishe kingo za mbele kwa kadiri unene wa ubao unavyoruhusu. Kuviringisha huko kunasaidia sauti za juu kabisa tu, kwa hiyo usiupoteze mchana mzima juu yake.

## Hatua ya 5: Gundi, kiunga na kuziba

Unganisha ubavu, juu na chini kwanza. Weka kiunga kwa kulala, kitovu cha unene wake kikiwa sentimita 14 kutoka juu, kati ya tundu la twita na la wufa. Kisikae katikati ya kimo: lengo lake ni kuugawa ubavu vipande viwili visivyolingana, ili kila kimoja kiwe na mlio wake na visisaidiane. Kisha funga nyuma na mbele.

Mwambie fundi apake gundi kila mahali mbao zinapokutana, hata kama anaamini skrubu zinatosha, na baada ya kukauka apitishe tena gundi kwenye pembe zote za ndani. Paka vanishi ndani na nje.

Kagua kwa kugonga ubavu kwa kifundo cha kidole. Sauti iwe fupi, kavu na ya juu. Ukisikia mlio wa ngoma unaoendelea baada ya kugonga, kiunga hakijashika. Usiendelee mbele mpaka urekebishe.

## Hatua ya 6: Krosova

Koni ya wufa ya sentimita 16, ambayo yenyewe ina upana wa karibu sentimita 13, huanza kuelekeza sauti mbele tu kadiri masafa yanavyopanda, na ikifika karibu Hz 2,700 urefu wa wimbi unalingana na upana wa koni yenyewe. Msikilizaji aliyekaa pembeni hapo hupoteza sauti hizo. Twita nayo haiwezi kubeba sauti za chini bila kuungua. Tunazigawa karibu Hz 2,100, kwa mpango unaoitwa Linkwitz-Riley wa daraja la pili.

Upande wa wufa, waya chanya upite kwenye koili ya milihenri 1.2, kisha kapasita ya maikrofaradi 4.7 iunganishwe sambamba na wufa. Sambamba na wufa vilevile, unganisha rezista ya omu 7.5 iliyofuatana na kapasita ya maikrofaradi 10. Sehemu hii, iitwayo saketi ya Zobel, huzuia ukinzani wa wufa usipande kadiri masafa yanavyopanda. Ukiiacha, hesabu ya koili haitakuwa kweli.

Upande wa twita, waya chanya upite kwenye kapasita ya maikrofaradi 4.7, kisha koili ya milihenri 1.2 iunganishwe sambamba. Baada ya hapo weka rezista ya omu 2.2 kwa mfuatano, na ile ya omu 22 sambamba na twita. Rezista hizi mbili hupunguza twita kwa karibu desibeli 3, kwa sababu twita nyingi zina nguvu kuliko wufa.

Sasa zingatia jambo linalosahauliwa mno: geuza nyaya za twita, chanya iende hasi. Katika mpango huu viwili hivi vinapishana nusu wimbi mahali pa kupokezana, na usipogeuza, sauti ya mwimbaji itakuwa na shimo katikati yake.

Ziweke koili mbili mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, moja ikiwa imelala na nyingine imesimama. Zikikaa pamoja kwa mwelekeo mmoja, sumaku ya moja huingia kwenye nyingine.

Kabla ya kufunga, pima kwa mita kwenye vituo vya nyuma huku wufa na twita zikiwa zimeunganishwa. Kwa wufa ya omu 8 utasoma karibu omu 6. Ukisoma karibu sifuri kuna waya zilizogusana, na amplifaya itaungua ukiiwasha hivyo.

## Hatua ya 7: Pamba, kufunga na majaribio mawili

Chambua pamba kwa mkono, uijaze kabati lote bila kuishindilia, ukiacha nafasi ndogo nyuma ya wufa. Kazi yake ni kumaliza mawimbi ya ndani, hasa la kimo, ambalo kwa sentimita 34 liko karibu Hz 510, yaani katikati kabisa ya sauti ya binadamu. Sufi ya magodoro isitumike, kwani hushikana mabonge na kuvutia wadudu.

Bandika utepe wa sponji kuzunguka matundu na ufunge skrubu kwa kupishana, kidogo kidogo.

Jaribio la kwanza ni la uvujaji. Sukuma koni ya wufa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha uachie. Ikirudi polepole, kabati limeziba. Ikirudi papo hapo, tafuta upenyo, na uanzie kwenye vituo vya waya vya nyuma, ambako mara nyingi ndiko uliko.

Jaribio la pili ni la mwelekeo. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo vya nyuma kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Koni za spika zote mbili zinapaswa kusogea mbele. Usiguse twita moja kwa moja kwa betri.

## Hatua ya 8: Mahali pake chumbani

Hatua hii ina uzito kuliko zote zilizotangulia, nami nakusihi usiifanye kwa haraka baada ya kazi yote hiyo.

Vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka nafasi kubwa. Chukua mfano wa msana (ukumbi mrefu wa nyumba ya Lamu) wenye upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 8. Kwa joto la nyuzi 28, sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Wimbi la kwanza la upana, yaani sauti inayorudi kati ya kuta mbili zinazotazamana ikijiimarisha, linaangukia karibu Hz 64. Wimbi la tatu la urefu linaangukia karibu Hz 65. Mawimbi mawili yamekutana mahali pamoja, na uzi wa chini wa udi mara nyingi hufungwa karibu na Hz 65. Ndiyo maana udi hunguruma chumbani mwako hata kama rekodi ni safi.

Usiweke spika kwenye ukuta mrefu ukakaa ukutani kwa upande wa pili, kwa sababu hapo ndipo wimbi la upana lina nguvu kubwa kabisa. Ziweke kwenye ukuta mfupi, zikitazama urefu wa chumba. Vitovu vyake viwe mita 1.5 mbali, na kila kimoja kiwe sentimita 60 kutoka ukuta wa ubavuni. Pima kwa futikamba, kwa kuwa ulinganifu huu ndio dawa. Besi iliyo sawa kulia na kushoto haiamshi wimbi la kwanza la upana, na ukikaa katikati ya upana, uko mahali ambapo wimbi hilo ni kimya.

Nyuma ya kabati pabaki sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Umbali wa mbele ya spika kutoka ukuta wa nyuma, wa ubavuni na wa sakafu usilingane, la sivyo mashimo ya sauti yatarundikana kwenye masafa mamoja.

Kwa wimbi la urefu, anza kukaa mita 3.5 kutoka ukuta wa spika. Cheza udi, kisha usogee shubiri moja mbele au nyuma, mpaka uzi wa chini ulingane na nyuzi zilizo juu yake. Mahali hapo ndipo pa kiti chako.

Twita iwe kimo cha sikio. Kwa anayekaa kwenye kiti ni karibu sentimita 95. Kwa anayekaa kwenye mkeka ni karibu 75. Vigoda virefu vya mbao nzito vinafaa.

Mkeka mtupu sakafuni haufyonzi cha maana. Zulia nene kati yako na spika, na godoro la kuegemea kwenye kila ukuta wa ubavuni mahali sauti inapogonga kwanza, ndivyo vinavyotuliza ukali wa chokaa. Ukuta wa zidaka (vishubaka vya ukutani) usiufunike, kwani mashimo yake hutawanya sauti za kati na za juu badala ya kuzirudisha kwa mkupuo mmoja. Ukiweza, ukuta huo uwe nyuma ya msikilizaji.

## Hatua ya 9: Sikiliza na urekebishe

Tumia rekodi ya taarabu yenye sauti ya mtu mmoja, udi, fidla na dumbaki. Usiguse vitufe vya besi vya amplifaya.

Sauti ya mwimbaji inapaswa kusimama katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kifaa chochote. Ikiwa imetawanyika au inatoka pembeni, nyaya za spika moja zimegeuzwa nje ya kabati. Dumbaki ipige na kukatika. Fidla isikike na upinde wake bila kuchoma. Herufi "s" na "sh" zikikwaruza, badilisha rezista ya omu 2.2 uweke ya omu 3.3, fidla ikififia, weka ya omu 1.5. Fanya spika zote mbili kwa pamoja, kisha usikilize kwa siku kadhaa kabla ya kubadili tena.

Usitegemee kuusikia mtikisiko wa tumboni unaotolewa na spika za sherehe za harusi. Spika hizi hazikujengwa kwa hilo, na anayelihitaji atumie wufa ya pekee.

## Utunzaji

Umeme ukikatika, zima amplifaya papo hapo, maana mpigo wa umeme unaporudi unaweza kuunguza twita. Futa vituo vya waya kwa kitambaa chenye spiriti kila baada ya miezi michache, na ukiona ukijani kwenye shaba, kata ncha uimenye upya. Kusi ya kwanza ikipita, kaza skrubu za wufa na urudie jaribio la kusukuma koni; koni ikirudi haraka kuliko ulipolijaribu mara ya kwanza, badilisha utepe wa sponji.